Naombeni ushauri: diski bandia ya shingo au kuunganishwa pingili? Na malipo yanakwendaje?

ShingoUpande
Wakuu, heshima zenu. Mnivumilie nikikosea herufi, mkono wa kulia unawaka moto.

Nimevuka arobaini, kazi yangu ni ya kukaa mezani. Tangu mwaka jana shingo inauma, maumivu yanateremka begani hadi vidoleni, usiku ndiyo balaa kabisa. Dawa nimemeza, mazoezi ya viungo nimefanya kwa miezi, nafuu inakuja na kuondoka. MRI imeonyesha diski mbili (vile vimito vya kati ya pingili) zimetokeza: C5-C6, yaani kati ya pingili ya tano na ya sita ya shingo, na C6-C7, kati ya ya sita na ya saba. Daktari bingwa wa kwanza anataka azitoe zote mbili na kuunganisha pingili kwa bamba na skrubu. Wa pili anasema hayo mambo yamepitwa na wakati, niwekewe diski bandia mbili. Gharama ya huyu wa pili ni kubwa mno, na bima wamenijibu kwa mstari mmoja tu: ombi halijakidhi vigezo.

Naogopa kuunganishwa nikabaki siwezi kugeuza shingo. Na naogopa kuuza kiwanja kwa ajili ya kitu ambacho pengine sikihitaji. Aliyepitia naomba aseme.

BiMkubwa
Pole sana mwanangu. Maumivu ya mkono yanayokunyima usingizi nayajua. Usiuze kitu kwanza, subiri wenye ujuzi waje.

FundiViungo
Mkuu, kabla ya diski tuongee vidole. Ganzi iko kidole kipi? Na mambo mengine mawili: vifungo vya shati unafunga vizuri? Ukitembea miguu iko sawa?

ShingoUpande
Ganzi ni dole gumba na cha shahada. Cha kati kiko salama. Vifungo nafunga, miguu haina shida.

FundiViungo
Vizuri, basi una muda wa kufikiri. Mikono ikianza kuwa mizito, unaangusha vitu, unayumba au mkojo unakusumbua, hapo ni uti wa mgongo wenyewe unabanwa na si mshipa mmoja wa fahamu tu. Mtu wa hivyo hasubiri mabishano ya bima, anakwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa sikiliza. Dole gumba na cha shahada kwa kawaida ni eneo la mshipa wa C6, na huo unabanwa na diski ya C5-C6. Diski ya C6-C7 hubana mshipa wa C7, na mara nyingi mtu hulalamikia kidole cha kati. Kwa maelezo yako, inaelekea diski moja ndiyo inapiga kelele. Ya pili inawezekana imechakaa tu kimya kimya, kama za watu wengi wa umri wetu wasioumwa chochote. Sijakupima, na vidole vinaweza kudanganya. Lakini muulize daktari: "Hii ya pili umejuaje kwamba inaniletea shida?" Kuna kipimo cha umeme wa misuli na mishipa, na kuna sindano ya ganzi inayolenga mshipa mmoja. Akijibu "kwa sababu imeonekana kwenye MRI", jibu hilo halitoshi.

KijanaWaMjengo
Kwa hiyo jamaa alikuwa anauziwa mbili kwa tatizo la moja? Duh.

NesiWaUpasuaji
Tusimhukumu daktari ambaye hatujamsikia. Pengine ana sababu.

Ila hilo la "yamepitwa na wakati" silikubali. Kuunganisha pingili kwa kupitia mbele ya shingo kumefanywa tangu miaka ya 1950 na kunafanywa hadi leo kwa sababu kunaponya mkono. Na hofu yako ya kutogeuza shingo, ndugu yangu, imezidi kipimo. Karibu nusu ya kugeuka kwa kichwa hutoka kwa pingili mbili za juu kabisa, ambazo hazitaguswa. Wengi walioungwa sehemu moja hawaoni tofauti kubwa. Mbili utaona kidogo.

Faida ya diski bandia ni kwamba sehemu ile inaendelea kucheza, na huna haja ya kusubiri mfupa ushikane, jambo linalochukua miezi, na kwa mvutaji sigara linaweza kugoma kabisa. Hoja kubwa ni pingili za jirani. Utafiti wa Hilibrand na wenzake wa 1999 ulionyesha kwamba kati ya watu 100 walioungwa, karibu 3 kila mwaka hupata dalili mpya kwenye pingili ya jirani. Watu wanabishana mpaka leo ni kiasi gani kinaletwa na kuungwa na kiasi gani ni uzee tu.

Lakini diski bandia haimfai kila mtu. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili vikiwa vimelika, mifupa ikiwa dhaifu, pingili zikiteleza ukiinama, au una mzio wa madini yaliyomo, utaambiwa hapana. Je, umepigwa eksirei ukiwa umeinamisha na kuinua shingo? Kama hujapigwa, hakuna anayejua kama unafaa. Na njia zote mbili zinapitia mbele, koo linasogezwa pembeni, kwa hiyo kumeza kwa shida na sauti ya kukwaruza mwanzoni vitarajie.

MzeeWaMadai
Nimefanya kazi ya madai ya bima muda mrefu. "Halijakidhi vigezo" si hukumu ya mwisho. Andika barua, dai wakutajie kigezo kipi, kwa maandishi. Mara nyingi ni moja ya haya: hakuna ushahidi wa wiki kadhaa za matibabu bila upasuaji, au diski iliyoombwa haina kibali cha kuwekwa sehemu mbili za shingo kwa mtu mmoja. Chukua aina tatu za diski bandia: FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ambayo bima nyingi huitazama, iliidhinisha Mobi-C kwa sehemu moja na mbili 2013, Prestige LP ikapata cha mbili 2016, lakini M6-C iliidhinishwa 2019 kwa sehemu moja tu. Ikiwa daktari ameomba mbili za aina isiyo na kibali cha mbili, karani anapiga muhuri wa kukataa hata kabla ya chai. Ombi la sehemu moja, lenye kumbukumbu za mazoezi na dawa, ni jambo jingine.

Na ukilipa mfukoni, usikubali bei ya mdomo. Omba makadirio yanayotaja diski yenyewe, daktari wa upasuaji, daktari wa usingizi, kulazwa, vipimo na mahudhurio ya baadaye. Kisha uliza swali wasilolipenda: akifungua akakuta diski haikai, akalazimika kuunganisha, nitalipa nini?

ShingoUpande
Wakuu, sina la kusema zaidi ya asante. Eksirei ya kuinama sijapigwa, na mtaalamu wa mazoezi hajawahi kuniandikia hata karatasi moja. Naanza na hayo mawili, kisha namrudia daktari wa kwanza na swali la vidole. Kuna la kubeba zaidi?

NesiWaUpasuaji
Beba CD ya picha zenyewe, si ripoti tu. Daktari makini atataka kuziangalia kwa macho yake.

MzeeWaMadai
Na nakala ya barua ya bima. Usiwaachie ile halisi.