Kijibustani cha kwenye karai, mimea inakauka

Mama Wawili, Nkuhungu: Habari zenu. Mimi na wanangu tumetengeneza kijibustani kwenye karai kuukuu: kijumba cha vijiti, njia ya kokoto, kisima cha kizibo cha soda. Wanasema usiku vijitu vyenye mabawa huja kulala humo. (Bibi yao aliposikia akataka tuite mchungaji!) Shida ni mimea. Tulipanda giligilani na ukoka, siku tatu kwishney. Nifanyeje?

Fundi Miche: Pole dada. Kwa jua la Dodoma na upepo wa Agosti, giligilani kwenye karai haiwezi. Tafuta vichipukizi vya mshubiri, vile vinavyoota pembeni ya mama yake. Udongo changanya na mchanga wa korongoni, nusu kwa nusu. Karai lina matundu? Mshubiri huoza maji yakituama.

Baba T, Kondoa: Vijiti vyetu vililiwa na mchwa. Tukachukua ganda la buyu, tukatoboa mlango. Mpaka leo lipo. Unga wake watoto walilamba wote kabla ya ujenzi.

Mama Wawili: Matundu hakuna hata moja! Jioni natoboa kwa msumari. Mdogo anauliza kama vijitu navyo vinakula ubuyu.