Uzamili wa fizikia: Ujerumani, Trieste au Kigali?

Bin Ngomeni, Malindi
Asalaam aleikum jamani. Nina shahada ya kwanza ya fizikia, sasa nafundisha sekondari. Utotoni baba akinipeleka kuvua Ngomeni, nikikodolea macho yale majukwaa ya San Marco, ya Waitaliano ya kurushia roketi, yaliyosimama baharini. Hapo ndipo Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kupima mionzi ya eksirei kutoka angani. Tangu hapo nataka fizikia ya nyota. Nyumbani hatuna shamba la kuuza. Mngeshika njia ipi?

Mwana Shela
Waaleikum salaam ndugu yangu. Mimi nilikwenda Ujerumani. Vyuo vingi vya serikali havitozi karo, ila jimbo la Baden-Württemberg sisi tusio wa Ulaya tunalipa euro 1,500 kwa muhula. Ni miaka miwili, na ule wa pili karibu wote ni utafiti na tasnifu.

Shida ni viza. Lazima uonyeshe fedha za kujikimu mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, zinawekwa kwenye akaunti maalumu na unaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Ni pesa zako, utazila mwenyewe, lakini kuzipata! Kwetu tulichangishana kama harusi. Mama alivua bangili zake mbili za dhahabu, akazifunga kwenye leso, akanikabidhi bila neno. Kama huna ufadhili, wa DAAD (shirika la Ujerumani la kufadhili masomo) kwa mfano, usianze huku.

Bi Mkomani, Lamu
Mdogo wangu, tazama ICTP ya Trieste, Italia, kituo cha fizikia alichokianzisha mwanafizikia Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Diploma yao ni ya mwaka mmoja, na wanaochaguliwa hugharamiwa. Kuna tawi la chembe na kosmolojia, yaani elimu ya ulimwengu mzima, linakufaa. Ila cheti hakiandikwi uzamili. Ni ngazi ya kupandia udaktari. Ukitaka kurudi haraka kuajiriwa huku, utaulizwa maswali. Kiitaliano cha Malindi kitakufaa sokoni, darasani ni Kiingereza.

Mwana Shela
Kweli kabisa, hilo la cheti aliwaze sana.

Fundi Hesabu
AIMS Kigali, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, hamkuitaja. Uzamili kamili wa sayansi za hisabati, una ufadhili, na Mkenya anaingia Rwanda kwa kitambulisho tu. Maabara ya fizikia usitarajie.

Bi Mkomani, Lamu
Barua za mapendekezo omba leo. Mimi mwalimu mmoja alinichelewesha hadi usiku wa mwisho. Niko saiba, umeme ukakatika, nikatumia maombi kwa simu ya jirani.

Bin Ngomeni, Malindi
Ahsanteni sana, dada na ndugu. Ninachotaka ni udaktari, kwa hiyo Trieste kwanza, na Kigali naomba pia. Asubuhi nimewaandikia walimu wangu wawili. Bi Mkomani, ile barua ya kujieleza, nianze na majukwaa au na alama zangu?

Bi Mkomani, Lamu
Majukwaa. Alama wataziona.