Naomba ushauri: mipapai yangu mingi ni midume

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kisesa, Mwanza. Nilisia mbegu za papai nililokula mwenyewe, tamu balaa, nikapata miche 60. Sasa imetoa maua: zaidi ya nusu ni midume, vishada virefu vinaning'inia, matunda hakuna. Miezi yote hiyo nabeba ndoo kumwagilia madume!

Nimesoma kwamba jinsia ya mpapai huamuliwa na kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli), kama sisi watu, na jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote kwa jumla, ilichapishwa 2008. Kumbe kipande cha jani kinatosha kupima DNA ukajua jinsia kabla ya maua.

Je, Kanda ya Ziwa kuna maabara inayompimia mkulima mdogo? Au nipande miche mitatu kila shimo, ning'oe midume baadaye? Na ya uchavushaji nibakize mingapi?