Neno "baba" lilitoka wapi?

Swali: Wadau, "baba" ni mzazi wa kiume kwa Kiswahili na vilevile kwa Kituruki, ilhali lugha hizi hazina nasaba moja. Je, ni ipi iliyoazima kwa mwenzake?

Jibu la kwanza: Hakuna haja ya kutafuta mkopo, ndugu yangu. Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kwamba mtoto anayeanza kubwabwaja hutoa mapema sauti za midomo, kama vile b, p na m, pamoja na irabu a, na wazazi, kwa furaha yao, hudhani wanaitwa.

Jibu la pili: Naafiki, kwani maana yenyewe hutangatanga: kwa Kipolandi "baba" ni mwanamke, tena si kwa heshima, na kwa Kigeorgia "mama" ndiye baba!

Muuliza swali: Nashukuru. Hilo la Kigeorgia limenichekesha.