Friza inashika -18, fundi anang'ang'ania "gesi imeisha". Huu ni wizi!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitazificha, maana najua humu tuko wengi tulioumizwa. Hii tabia ya mafundi wa majokofu hapa Dar kumwambia kila mteja "gesi imeisha" imevuka mpaka.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina friji la milango miwili, lile lenye mashine ya barafu ndani ya friza. Mashine ikaacha kudondosha barafu, na kwenye kioo cha mlangoni zikaanza kuwaka herufi za hitilafu. Nikachukua kitabu cha friji, nikaangalia jedwali la hitilafu, nikakuta pameandikwa wazi: sensa ya mashine ya barafu. Si kompresa, si feni, si gesi. Sensa.

Nikampigia fundi, nikamweleza hivyo hivyo, alipofika nikampa na kitabu. Hata hakukifungua. Akashika bomba la nyuma kwa vidole, akatikisa kichwa: "Mama, gesi imepungua hapa. Tujaze tu." Laki mbili na nusu.

Nikafungua friza mbele ya macho yake. Mna changu na vibua wa Feri, wameganda hata kisu hakipiti. Kipimajoto kinasoma nyuzi -18. Nikamuuliza, gesi gani hiyo imeisha halafu friza inashika -18 mchana wa Februari, Dar es Salaam? Gesi ya friji haiishi kama ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ni ile ile miaka yote. Ikipungua, basi kuna mahali inavuja, na kabla ya kujaza unatafuta panapovuja. Tena ikipungua friji zima litayumba: friza itashindwa kugandisha, kompresa itanguruma bila kupumzika, maziwa yataharibika. Haiwezekani gesi ipungue kwa ajili ya trei moja ya barafu peke yake!

Kilichonichefua zaidi ni hiki. Lebo iliyo ndani ya friji langu imeandika aina ya gesi, R600a, gramu zenyewe hazifiki 80, na pembeni kuna pembetatu yenye alama ya moto. R600a ni isobyuteni, inawaka. Jamaa kaja na mtungi wa R134a, gesi ya aina nyingine, na tochi ya kuchomelea, anataka kukata bomba hapo hapo jikoni, jiko la gesi likiwa hatua mbili kutoka alipopiga magoti. Kompresa ya R600a imetengenezwa kwa presha ya R600a. Ukiipa gesi nyingine unaiua. Kwa hiyo alitaka nimlipe aniharibie kitu kizima, na aniwekee watoto hatarini juu yake. Nikamwambia afunge mkoba wake. Akadai hela ya kufika.

Nikageukia kituo cha huduma cha hao hao walioniuzia, nikidhani huko kuna watu wa kazi. Wakaja, wakatazama herufi kwenye kioo, mita ya kupimia nyaya haikutoka mfukoni. Jibu: ibadilishwe mashine nzima ya barafu, laki sita na ushee, na bodi, saketi inayoongoza mashine, pia "imekufa", bei yake itakuja baadaye. Wakaniandikia kabisa kwenye karatasi yao. Nikauliza, sensa peke yake shilingi ngapi? "Hatuuzi sensa peke yake." Mlangoni kuna stika kubwa: kompresa, waranti miaka 10. Kumbe vingine vyote ni mwaka mmoja tu, na hapo ndipo wanapovunia pesa.

Basi nikachomoa plagi, nikatoa ndoo ya barafu, nikafungua skrubu, mashine ikatoka. Chini ya trei kuna sensa, kidude kidogo kilichofunikwa sponji, kina nyaya mbili nyembamba. Kazi yake haina miujiza. Maji yakishaingia kwenye trei, sensa inapima joto. Likishuka chini ya sifuri vya kutosha, kwenye nyuzi -8 hadi -10 kwa mashine nyingi, bodi inajua maji yameganda, inaamuru mota iipindue trei na kuikunja, barafu inadondoka. Ukinzani wa sensa hizi, yaani zinavyozuia umeme kupita, unapanda kadiri baridi inavyozidi. Nyingi ni za 5K au 10K (K ni ohm elfu moja, kipimo cha ukinzani) kwenye nyuzi 25.

Yangu ni ya 10K. Kwa joto la jikoni kwangu, linalozidi nyuzi 25, ikasoma karibu 8K, sawasawa kabisa. Nikaitumbukiza kwenye glasi ya maji yenye barafu, namba zikapanda taratibu mpaka zikapita 25K. Sensa yenyewe ni nzima. Nikairudisha mahali pake chini ya trei, mita ikiwa bado imeshikwa kwenye nyaya, nikaipindua trei kwa mkono vile mota inavyoipindua. Namba zikapotea, mita ikaandika OL, yaani umeme haupiti. Nikairudisha trei, namba zikarudi. Nikapindua tena, OL. Waya umekatika ndani kwa ndani, ganda la nje halina hata alama, pale pale unapokunjwa kila trei inapogeuka. Tangu friji liingie nyumbani, kila barafu iliyodondoka imeukunja waya ule. Waliotengeneza wameweka waya mwembamba mahali panapojikunja kila siku, halafu hawauzi waya!

Na ile bodi waliyosema imekufa? Waya ukikatika, bodi inaona ukinzani usio na mwisho, yaani baridi ambayo friza haiwezi kuifikia. Ndiyo maana inawasha herufi na kukataa kuzungusha mota. Bodi ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kuliko watu wa kituo.

Nimepata sensa ya 10K Kariakoo, yenye waya mrefu na laini, haikufika elfu ishirini. Maungio nimeyaweka mbali na sehemu inayojikunja, nimeyachomelea kwa risasi na kuyaziba yasiingie unyevu. Barafu inadondoka.

Kwa hiyo laki sita ilikuwa ya nini? Mama muuza juisi asiye na mita angefanyaje? Angekopa, angelipa. Wapo mafundi waliosoma majokofu VETA na wanaifanya kazi kwa haki, nawaheshimu, na hawa matapeli wanawachafulia jina wao kwanza. Karatasi ya kituo ninayo. Naandika malalamiko yangu kwa Tume ya Ushindani, FCC, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumwandikia mtu "bodi imekufa" bila kuipima ni kumpotosha. Nataka wanijibu kwa maandishi: waliipima na nini, na mita ilisoma ngapi? Nawe fundi akikwambia kitu kimekufa, muulize hivyo hivyo kabla hujatoa hata shilingi, na kifaa cha zamani akuachie.

NYONGEZA: Mkuu aliyeuliza kama presha ndogo ya maji ndiyo inazuia barafu, hoja yako ni ya kweli ila ni tatizo jingine. Simtanki juu ya mnara wa mita 3 linatoa kama 0.3 bar, wakati mashine nyingi zinataka angalau 1.4. Bila pampu utapata vibarafu vidogo au trei tupu. Ila maji kidogo hayakati waya wa sensa. Soma herufi zako kwanza.

Na dada wa Mwanza unayetaka kununua sensa, kwanza pima sensa yako ya zamani ujue kama ni 5K au 10K, ukikosea bodi itasoma joto la uongo. Mwenye duka linalouza sensa hizi Mwanza au Arusha aliweke hapa, wanaouliza ni wengi.