Tupeane uzoefu: usiku nanga ilipokataa kushika, Lamu hadi Kiwayu

Mtu wa Faza: Kusi la jana limenikumbusha mbali. Wenye vyombo huku kaskazini, semeni yaliyowakuta.

Tanga Bovu: Kiwayu, upande wa ndani. Tulifika maji yamekupwa, kina hakizidi mita mbili. Nahodha akaachia amari, kamba ya nanga, fupi tu, akajifunika shuka. Kumbe bamvua, maji makuu ya mwezi! Maji yakapanda karibu mita tatu, amari ikasimama wima, nanga ikang'oka. Nashtuka chombo kinakwenda na mkondo, giza totoro, nyuma ya tezi nasikia mawimbi yanagonga mwamba. Huyu kashika upondo, yule anapapasa kisu hajui cha nini, nahodha anamwita marehemu babake. Tukatupa nanga ya jiwe, ile tuliyoicheka mchana kutwa. Ikashika. Hakuna aliyelala tena.

Bi Mikoko: Bamvua haina swahiba.

Fundi Shela: Huo ni uvivu wa nahodha. Amari hupimwa kwa kina cha maji YAKIJAA. Mara tatu, na kusi likivuma mara tano.

Tanga Bovu: Kwani ulikuwepo?

Fundi Shela: Ningekuwepo ungekuwa na hadithi?

Kijana wa Siyu: Mnagombania amari, hamjapwelewa kwenye mlango wa bahari wa Mkanda na harusi! Tunatoka Amu (Lamu) kwenda Faza: magodoro, masufuria, mashangazi. Bamvua hujaa saa kumi alasiri, sisi tunang'oa nanga magharibi, eti shangazi mkubwa hajamaliza hina. Katikati ya mikoko tukakaa topeni mpaka alfajiri. Mbu, wee! Shangazi akaapa ataenda kwa miguu. Akazama hadi magotini, kiatu kiko huko mpaka leo. Na bwana harusi tunaye chomboni.

Bi Mikoko: Bwana harusi!! Ndoa ikafungwa?

Mtu wa Faza: Jamani, mada ni nanga.

Bi Mikoko: Nanga itasubiri.

Mzee Baura: Penye miamba funga kamba ya boya kwenye kitako cha nanga. Ikikwama, ivute kwa huko.

Fundi Shela: Na usiku boya liingie kwenye rafadha, panga la mashine, ya mwenzio. Tia mnyororo tu, mwamba hukata kamba.

Mzee Baura: Mnyororo wa kununua nani?

Tanga Bovu: Mie siku hizi nalala gatini Mtangawanda.

Kijana wa Siyu: Ilifungwa, Bi Mikoko. Adhuhuri, bwana harusi uso umevimba mbu.