Fremu za kuprintia tisheti zinanipinda, nihamie alumini au nakosea mwenyewe?

chapa_mbagala:
Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni. Naongelea fremu za silk screen jamani, zile za kuwambia kitambaa chenye matundu wino upitie kwenye tisheti, sio fremu za duka, maana juzi nimeuliza kwenye grupu lingine watu wakaanza kunitajia kodi za Kariakoo.

Niko Mbagala, nina miezi kama 8 kwenye hii kazi. Nilipata oda ya tisheti 120 za bonanza la mtaa, rangi mbili, nembo nyekundu na maandishi meusi yanazunguka nembo. Tisheti 30 za kwanza zilikaa vizuri kabisa hadi nikafurahi, baada ya hapo ile nyeusi ikaanza kuhama kidogo kidogo, nilipofika kama ya 70 ilikuwa imepishana na nyekundu karibu milimita 3, nikasimamisha kazi. Zile zilizoharibika nimezinunua mwenyewe upya, faida yote imeishia hapo.

Fremu zangu ni za mbao, seremala wa mtaani kaniungia kwa misumari tu pembeni, kitambaa nimevuta kwa mkono nikapiga stepla. Nikishaosha skrini mara tatu nne fremu inajikunja, ukiilaza mezani pembe moja inakaa juu. Kuna fundi wa madirisha anasema atanitengenezea za alumini kwa vipande vilivyobaki, bei ndogo. Nikubali? Na kitu kingine, meshi, yaani kitambaa chenyewe cha skrini. Dukani waliniuliza 43, 77 au 120, nikachukua 120 nikijua namba kubwa ndio nzuri zaidi, sasa wino unapita kwa shida na unakaukia juu ya skrini nikiwa bado naprinti. Wino natumia wa maji.

mama_skwiji:
Marahaba mwanangu, pole sana na hasara. Hiyo ya kuhama baada ya tisheti 30 naijua vizuri, ilinitesa miaka yangu ya mwanzo na nilikuwa nalaumu meza, nalaumu bawaba, namlaumu hadi kijana aliyekuwa ananishikia tisheti.

Tatizo lako limeanzia kwenye kulegea. Kitambaa kikiwa kimelegea, ukivuta skwiji, ule mpira wa kusukumia wino, kinasogea mbele pamoja nayo halafu kinarudi, na hakirudi palepale. Tisheti za mwanzo huoni, lakini wewe unaprinti kwa wino wa maji, na skrini ushaiosha mara kadhaa, mbao inakunywa maji na misumari inacheza kwenye pembe, kwa hiyo kila ukivuta kitambaa kinazidi kulegea kidogo. Nyekundu umeiprinti skrini ikiwa na hali moja, nyeusi umeiprinti ikiwa na hali nyingine, zitakutana vipi? Jipimie hivi: gonga katikati ya kitambaa kwa kidole, kikilia kama ngoma iliyowambwa vizuri sawa, kikilia kama mfuko wa nailoni hicho hakifai kwa rangi mbili. Wenye vipimo wanapima kwa nyutoni, skrini ya mkono ikiwa kwenye 20 mpaka 25 unafanya kazi kwa raha, ila kipimo chenyewe ni ghali, masikio yako yatakutosha kwa sasa.

Kuhusu huyo fundi wa madirisha, mkatalie kwa adabu. Sio kwamba alumini mbaya, mimi mwenyewe za alumini ndizo ninazotumia na sirudi nyuma, tatizo ni ile profaili ya dirisha. Ina mikunjo ya kushikia kioo, ukuta wake mwembamba, na pembe zake wanabana kwa riveti au skrubu. Ukiwamba kitambaa kwa nguvu inayotakiwa pande zinaingia ndani kama tumbo la mtu aliyefunga, na kitambaa katikati kinalegea palepale. Unachotaka ni bomba la mraba, milimita 30 kwa 30 au 40 kwa 40, ukuta usipungue milimita 1.5, pembe zichomelewe kwa argoni, ile welding ya gesi, halafu zisagwe zilale sawa. Mafundi wa argoni wapo, ulizia Gerezani. Na mwambie aache kona zote bila ncha kali, ncha moja tu inakata kitambaa siku unapowamba.

Saizi usibane. Kati ya mchoro na ukingo wa ndani wa fremu acha sentimita 10 kila upande, na juu na chini ongeza kidogo maana pale ndipo wino unapokaa na skwiji inapopumzika. Kwa tisheti za watu wazima fremu ya sentimita 50 kwa 60 inakutosha kazi nyingi sana. Watu wanapenda kubana saizi wapunguze gharama ya meshi, halafu skwiji ikikaribia ukingo kitambaa kinakuwa kigumu, hakigusi tisheti vizuri, wino unatoka hafifu pembeni wanadhani emulsheni, ile dawa ya kupaka kwenye meshi kutengeneza mchoro, ndio mbaya.

seremala_nakuru:
Nimesoma hapo juu, nakubali karibu yote lakini mbao msiitupe hivyo jameni. Mimi ni seremala, nimewatengenezea watu wa kuprinti fremu hapa Nakuru na ziko kazini mpaka leo. Kinachopinda ni mbao mbichi. Mtu ananunua sipresi imetoka kupasuliwa juzi, inapigwa misumari leo, kesho inaoshwa na maji, sasa utashangaa vipi ikijikunja? Huko kwenu nasikia mnatumia sana paini ya Mafinga, hiyo pia ni mbao laini, ni sawa tu bora ikauke kwanza. Iweke ndani ya nyumba kivulini, ipange na vijiti katikati upepo upite, ipe muda wa kutosha, usiianike juani maana itapasuka. Ukipata mninga hata kipande kilichobaki kwa fundi wa makochi chukua, mninga hautembei sana ukilowa.

Kiungo ndio siri yenyewe. Kona usikutanishe ncha kwa ncha ukapiga msumari. Kata kila mbao nusu ya unene wake, zilale moja juu ya nyingine, paka gundi ya mbao isiyoogopa maji, bana na kilempu usiku mzima, skrubu weka baadaye. Kabla gundi haijashika pima kona kwa kona, mshazari huu na ule mwingine ziwe sawa kabisa. Halafu laza fremu juu ya kioo kinene, bonyeza kila pembe, ikicheza hata kidogo irekebishe hapohapo kwa randa. Mwisho paka vanishi mara tatu pande zote, na ndani ya matundu ya skrubu pia, watu wanasahau huko na ndiko maji yanaingia.

Kwa mtu anaanza na pesa ni kidogo, fremu kama hiyo ya rangi moja itamfanyia kazi muda mrefu. Kwa rangi tatu nne naungana na mama, nenda alumini.

mama_skwiji:
Seremala umesema kweli, na hiyo ya kioo nimeipenda. Nakubali kwamba mbao iliyokauka na kuungwa hivyo ni kitu kingine kabisa na aliyopigiwa huyu kijana.

rangi_na_pamba:
Mimi nijibu ya meshi maana naona wamepita. Mkuu, ile namba ni hesabu ya nyuzi ndani ya sentimita moja. 43 ni nyuzi chache, matundu makubwa, wino mwingi unapita. 120 ni nyuzi nyingi, matundu madogo sana, hiyo ni ya michoro yenye vidoti vidogo vidogo kama picha, na mara nyingi watu wanaitumia kwenye stika na plastiki. Kuweka wino wa maji wa tisheti kwenye 120 na joto letu hili la Dar ni kujitesa, utakaukia ndani ya tundu kabla hujageuka. Wewe kwa nembo na maandishi chukua 43 au 55, maandishi yakiwa madogo sana nenda 77. Wino mweupe kwenye tisheti nyeusi 43 usiende juu zaidi. Na ukikuta rola imeandikwa 110 au 195 au 305 usichanganyikiwe, hiyo wamehesabu kwa inchi, gawanya kwa 2.54 utapata hizi zetu, 110 ndio 43 hiyohiyo.

Hakikisha pia ni poliesta. Kuna wanaowamba organza au kitambaa cha shela, kwa kujifunza sawa, lakini kama ni nailoni ikilowa inanyonya maji na kurefuka, unarudi kulekule kwenye kuhama. Ukiweza pata ya njano badala ya nyeupe, nyeupe wakati wa kuchoma skrini, yaani kuimulika kwa mwanga mchoro ushike, inasambaza mwanga pembeni na kingo za herufi zinakuwa nene, njano inazuia hilo, ila utachoma kwa muda mrefu kidogo zaidi.

Na emulsheni yako soma kopo, iwe inayovumilia wino wa maji. Ile ya wino wa mafuta itayeyuka katikati ya kazi.

chapa_mbagala:
Asanteni sana, sikutegemea kupata majibu marefu hivi. Nimefungua kopo nimeangalia, kweli emulsheni niliyouziwa ni ya wino wa mafuta, kumbe ndio maana vitundu vidogo vilikuwa vinatokea nikawa naziba na selotepu.

Swali langu kwako mama, nikishapata fremu ya alumini nawambaje bila mashine? Kwenye mbao nilikuwa napiga stepla, kwenye chuma haiwezekani. Na hata zile stepla zilikuwa zinachana kitambaa.

mama_skwiji:
Stepla zilichana kwa sababu ulipiga juu ya kitambaa chenyewe. Kwenye mbao tandika kwanza utepe wa kitambaa kigumu juu ya meshi, stepla ipite kwenye utepe, na uipige kwa mshazari ili isikae ndani ya mstari mmoja wa nyuzi. Anzia katikati ya upande, kisha katikati ya upande unaotazamana nao, halafu zile mbili nyingine, ndio uende kwenye kona taratibu. Ukianzia kona utaishia na mikunjo.

Kwenye alumini ni gundi. Paruza uso wa fremu kwa msasa, futa kwa spiriti. Meshi unaivuta kwa fremu kubwa ya nje, mimi ya kwanza nilitengeneza kwa mbao nzito za mkongo zenye bolti, unakaza bolti kidogo kila upande kwa zamu huku unagonga unasikiliza. Ukifika, iache ipumzike kama robo saa, itakuwa imelegea, kaza tena, rudia hivyo mara tatu. Nyuzi mpya zina tabia ya kurudi nyuma, ukigandisha haraka kesho yake utakuta ngoma imezimika. Ndipo unaweka fremu yako chini ya meshi, kandamiza igusane vizuri, paka gundi ile ya haraka juu ya meshi. Fungua mlango na dirisha, ule moshi wake unauma macho na kifua. Usitoe mpaka ikauke kabisa.

Kabla ya kupaka emulsheni osha na sabuni ya vyombo kidogo, suuza sana, hata mpya ina mafuta ya kiwandani.

Na wakati wa kuprinti skrini isilale juu ya tisheti. Weka sarafu moja au mbili chini ya fremu upande wa mbele, na kwenye bawaba kipande cha unene uleule, meshi iguse tu pale skwiji inapopita kisha ijinyanyue yenyewe. Ukiona haijinyanyui, ujue imelegea.

chapa_mbagala:
Nimerudi. Nimechomelewa fremu mbili za 50 kwa 60, bomba la 40, moja nimewamba 43 na nyingine 55. Zile za mbao sikuzitupa, nimezing'oa misumari nimekata kiungo kama alivyosema seremala, zinakauka. Jana nimefanya tisheti 45 rangi mbili za kikundi cha akina mama wa kanisani, ya kwanza na ya 45 nimezilaza pamoja mezani nikafuata ukingo wa nembo kwa kidole, sijaona tofauti. Emulsheni ya zamani kwenye ile meshi ya 120 nataka niitoe, meshi niitunze, nimenunua dawa, niiloweke usiku mzima?

rangi_na_pamba:
Usithubutu mkuu. Paka, subiri dakika chache, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya nguvu ikiwa bado mbichi. Dawa ikikaukia juu ya emulsheni inaigandisha moja kwa moja, haitoki tena na meshi umeipoteza.